Siku Mbili Bandel, Ambako Gereza ni Kanisa

Niliambiwa nipande treni ya Bardhaman, na niliyoiona Howrah, stesheni kubwa ya Kolkata, India, ilikuwa imeandikwa Bardhaman, basi nikapanda. Nikapata kiti cha dirishani kwenye behewa la wanawake, nikasukuma mkoba chini ya miguu, nikajiona mjanja. Kumbe treni za Bardhaman ni za njia mbili. Moja hufuata reli kongwe ya kandokando ya Mto Hooghly na kupita Bandel nilikokuwa nakwenda. Nyingine hukata bara, haina habari na mto wala na Bandel. Haya niliyajua Dankuni, pale bibi aliyekaa mbele yangu akimenya njegere kwenye sahani ya bati aliponiuliza nakwenda wapi, na nilipomjibu akaacha kumenya.

Behewa zima likaingia kazini. Wanne walisema kwa mpigo. Msichana mmoja wa chuo akanishika mkono, tukashuka, akanivusha daraja la stesheni, kisha akanikabidhi kwa mtu aliyekuwa akisubiri treni ya kurudi. "Dada," alimwita, halafu maneno mengi ambayo sikuyaelewa. Huyo dada alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, ana masharubu na kofia ya sufu iliyomfunika mpaka kidevuni, maana ilikuwa Januari na baridi yenyewe ilikuwa kama ya Nairobi saa mbili asubuhi. Alinipakia, akanishusha nilipotakiwa, akaninyooshea jukwaa. Nikamshukuru dada yangu, nikaanza safari upya, saa nzima na ushei imekwisha kupotea.

Nieleze kwanza nilikuwa natafuta nini huko. Mimi ni mwonja chai, Mombasa. Kazi yetu ni kuvuta chai kwa kijiko kwa kelele ambazo nyumbani zingekuletea kofi, kuizungusha mdomoni, kuitema, kusema neno moja, kisha kikombe kinachofuata, mamia kwa siku wakati wa msimu. Nilikuwa nimekuja Kolkata kwa wiki mbili kukaa na wenzetu wa huku. Wao katika biashara hii ni wakubwa wetu: mnada wao wa chai ni wa tangu 1861, wetu ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969. Mwisho wa wiki ulipofika waliniuliza nataka kwenda wapi kupumzika. Wengi walipendekeza Digha, baharini. Mtu wa Mombasa apelekwe kuona bahari! Mimi nilikuwa nimeshaangalia ramani, nikaliona jina Bandel kaskazini kidogo ya jiji, likanikaa kichwani. Bandel ni *bandar* ya Waajemi, ile ile iliyotupa sisi bandari, ila hii ilipita kwanza mdomoni mwa Wareno ikatoka imekatwa mkia. Nikasema nitakwenda kuiona hiyo bandari isiyo na bahari.

Reli niliyoikosa ina heshima yake. Treni ya kwanza kabisa ya abiria upande huu wa India ilitoka Howrah tarehe 15 Agosti 1854 na mwisho wa safari yake ulikuwa Hooghly, mji ulioshikana na Bandel niliyoitaka, kama kilomita 38. Kwa hiyo nilipotea nikitafuta njia ambayo watu wameijua kwa zaidi ya miaka 160.

Treni ya sawasawa husimama kila mahali. Uttarpara, Konnagar, Rishra, Serampore. Upande wa mto unaona mabomba marefu ya matofali ya viwanda vya juti, mengine yamenyamaza na miti imeota kwenye nyufa zake. Rishra ndipo kilipoanzishwa kiwanda cha kwanza cha kusokota juti kwa mashine nchini India, 1855, na baadaye kingo zote mbili za mto huu zikajaa viwanda vya namna hiyo. Nilikodoa macho kwa sababu ambayo abiria wenzangu wasingeielewa: hapa ndipo gunia linapotoka. Gunia, neno na kitu chenyewe, vyote vilitufikia kutoka India. Magunia ambayo babu yangu alikuwa akiyakung'uta uani, akayakunja na kuyahesabu kama mtu anayehesabu noti, huenda yalitoka kwenye mojawapo ya mabomba haya.

Hooghly, Bandel na Chinsurah zamani zilikuwa sehemu tatu. Leo zimeshonana, ukitembea hujui umevuka lini. Chinsurah ilikuwa ya Waholanzi, mpaka walipoibadilisha na Waingereza kwa mali yao ya Sumatra, makabidhiano yakafanyika 1825. Jirani tu, Chandannagar ilikuwa ya Wafaransa hadi 1950, na Serampore tuliyoipita ilikuwa ya Wadenmarki. Kila taifa la Ulaya lilipanga chumba kwenye mto huu. Mimi nilipanga Chinsurah, nyumba ya wageni ya vyumba vinne karibu na mto, maji ya moto kwa ndoo, godoro gumu, blanketi mbili. Sina la kulalamika.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliniambia nimwite Kaka. Nikasita. Kwetu mzee wa miaka sabini na kitu ukimwita kaka, watu watauliza ulilelewa na nani. Akaona uso wangu, akacheka, akanipanga. Kaka kwa Kibengali ni baba mdogo, ndugu mdogo wa baba yako. Kaka wa kwetu, huku ndiye dada. Ndiyo maana yule bwana wa Dankuni mwenye masharubu. Na dada wa kwetu huku ni didi, na kweli tangu asubuhi nilikuwa nikisikia didi, didi, nikidhani wananihimiza niondoke.

"Na baba?" nikauliza.

"Baba ni baba," alisema, kama fundi anayekuhakikishia kwamba nguzo moja ya nyumba bado imesimama.

Alasiri tulishuka naye hadi *ghat*. Hilo nalo halikuhitaji mkalimani. Mombasa meli inafunga gati namba kadhaa, hapa ghat ni ngazi pana za kushukia mtoni, watu wanaoga, wanafua, wanaswali kwa namna yao, wanaacha maua. Feri za kwenda Naihati, ng'ambo ya pili, zilikuwa zinakuja na kuondoka, watu wamesimama wameshikilia baiskeli kama Likoni, ila bila zile mbio za kufa mtu lango likifunguliwa.

Nilikaa kwenye ngazi nikinywa chai ya kikombe cha udongo. Kikazi, kikombe hicho ni balaa: udongo mbichi unaingia kwenye chai kabla tangawizi haijafika, na huwezi kusema lolote la maana kuhusu jani. Nilikunywa vitatu.

Mtoni kulikuwa na magugu maji, yaleyale yanayowasumbua watu wa Kisumu na Mwanza, yanaelea kwa mafungu mafungu kuelekea kusini, upande wa Kolkata na bahari. Nilikuwa nimelifuata kwa macho fungu moja lenye ua la zambarau na ndege mweupe juu yake. Likapunguza mwendo. Likasimama mbele yangu hasa, likajizungusha, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kisha, polepole, likaanza kurudi kaskazini, ndege palepale.

Niliinuka. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, naijua ile hali. Maji yalikuwa yanajaa. Bahari iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka pale, na bado ilikuwa inausukuma mto urudi ulikotoka. Ngazi ya chini, ambayo kijana mmoja alikuwa ameikalia akisugua miguu, ilikuwa imeshalowa, naye akasogea juu moja bila kuangalia.

Kaka aliona nimeinuka akadhani nimeumwa na mdudu. Nilipomweleza, alifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mwishoni mwa maisha. Kujaa, akasema, ni *joar*. Kupwa ni *bhata*. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yanajaa sana, hiyo huitwa *bhora kotal*. Nikamwambia bamvua. Alilirudia neno mara mbili, bamvua, bamvua, akalipenda. Na leo mwezi ni nusu, akaendelea, kwa hiyo yanapanda kidogo tu, hayana nguvu, hii ni *mora kotal*.

"*Mora* maana yake nini?"

"Kufa. Kilichokufa."

Maji mafu. Ndivyo tunavyosema na sisi. Baba yangu alikuwa akisimama kibarazani, akitazama mkono wa bahari, anasema leo maji mafu, halafu anarudi kulala. Siku nzima nilikuwa nimeokota maneno kama mtoto anayeokota makombe: gari huku ni gari, habari ni *khobor*, duka ni *dokan*, meli ni *jahaj* na sisi tuna jahazi. Hayo yote najua yalivyosafiri. Mwajemi, Mwarabu, Mhindi wa Gujarati, Mreno, wameyabeba kwenye mashehena yao wakayashusha huku na kule. Hili la maji mafu halikubebwa na mtu. Kuna mvuvi wa Bengal na kuna mvuvi wa Mvita, hawajaonana, kila mmoja ametazama maji yasiyo na hamu, akasema hayo yamekufa.

Nilimweleza Kaka hivyo, kwa Kiingereza changu cha ofisini. Alikaa kimya kidogo akasema twende tukale.

Tulikula *kochuri*. Nilipoliona neno kwenye ubao nilidhani nimefika nyumbani, nikawaza vile viazi vya duara vilivyochovywa unga wa dengu, na ukwaju pembeni. Kilicholetwa ni mkate mwembamba uliofura kwenye mafuta kama puto, ndani una njegere zilizosagwa, na mchuzi wa viazi. Ni mtamu sana, lakini si kachori, na nitalisema hilo mbele ya kadhi.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, ng'ambo ya mto haionekani, unasikia honi za feri tu. Kaka alikuwa ameagiza niletewe kitu kabla jua halijapanda. Akaja mtu kwa baiskeli, kila upande chungu cha udongo. Ni mgema. Ila yeye hagemi mnazi, hugema mtende, na wakati wake ni baridi hii: jioni hulikwangua shina karibu na kilele, hufunga chungu, alfajiri hupanda kushusha kilichodondoka usiku. Nilipewa bilauri nzima, baridi, tamu kwa mbali, ina harufu ya moshi. Jua likiwaka, alisema mgema kwa kinywa cha Kaka, kinaanza kuchacha, kinageuka kile ambacho nyie mnakijua. Akacheka, nami nikacheka kama mtu asiyekijua. Kinachobaki hupikwa mpaka kikawa *gur*, sukari guru, na wakati wa baridi vitamutamu vyote vya Bengal hutiwa hiyo. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Kisha nikaenda Bandel penyewe. Usafiri wa mjini ni vigari vya matairi matatu vya umeme, na jina lake, naapa, ni *toto*. Nilisimama barabarani mwanamke mzima nikiita toto! Dereva alifunga breki, akaniangalia, akajua mara moja mgeni wa namna yangu anakwenda wapi.

"Girja? Bandel girja?"

Moyo ulinipiga. Nilisikia gereza.

Na sikusikia vibaya, hiyo ndiyo ajabu. Wareno kanisa huliita *igreja*. Wabengali walilichukua wakasema *girja*, na kanisa likabaki kanisa. Sisi pwani tulilichukua hilohilo, tukasema gereza, na wataalamu wengi wa lugha ndiko wanakolitoa. Kwetu kanisa la Mreno lilikuwa ndani ya boma, na boma lina askari na minyororo, basi neno likahamia kwenye minyororo. Fort Jesus, waliyoanza kuijenga 1593, Waingereza nao waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, kana kwamba walikuwa wanalitii neno.

Kanisa la Bandel ni jeupe, limetulia, lina ua mkubwa na watu wengi wa Jumapili, wengi wao, kwa kadiri nilivyoona, si Wakristo, wamekuja kutembea na kupiga picha. Mwanzo wake ni 1599, la watawa wa Kiagostino. Watawa wa shirika hilohilo walikuwa Mombasa miaka hiyohiyo. Sikuwahi kulifikiria hili nikiwa nyumbani, nikipita Fort Jesus kila siku kwenda kazini: kwamba kulikuwa na watu wenye kanzu za namna moja, wanaosali sala moja, wengine wakitazama Mto Hooghly na wengine Kilindini.

Na mambo yakawaharibikia karibu wakati mmoja. Agosti 1631, Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza Jerónimo, aliingia ngomeni akamuua kamanda wao, na Wareno wa mji wakauawa, watawa wakiwemo. Haukupita mwaka, Juni 1632, jeshi la Shah Jahan, mfalme wa Mughal, dola iliyotawala sehemu kubwa ya India, likaizingira Hooghly. Baada ya miezi michache mji ulianguka, kanisa likabomolewa, na maelfu ya mateka wakapelekwa Agra kwa miguu. Lililosimama leo lilijengwa upya mwaka 1660.

Hadithi inayosimuliwa pale ni ya Padri João da Cruz, aliyetupwa mbele ya tembo mkali huko Agra ili akanyagwe, tembo akapiga magoti badala yake, na mfalme akawaachia huru mateka na kuwapa ardhi. Kuna nyingine ya sanamu ya Bikira Maria iliyozama mtoni wakati wa vita na kurudi yenyewe ukingoni miaka mingi baadaye, na ya nahodha aliyeokoka dhoruba akatoa mlingoti wa chombo chake kuwa nadhiri. Ni hadithi nzuri, hasa hiyo ya mlingoti. Mtu wa pwani anaielewa bila kuelezwa. Lakini nilipozunguka ule ua mara ya pili nilianza kukereka. Hadithi zina tembo, zina sanamu, hazina wale watu waliokuwa wakiuzwa. Wareno wa huku walifanya biashara ya utumwa, wakinunua watu waliotekwa vijijini kwenye delta, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za Shah Jahan kuwashukia. Kwetu angalau neno limekumbuka. Ukisema gereza hakuna anayefikiri kengele.

Jibini ya Bandel, waliyoacha Wareno, vidonge vidogo vya chumvi na moshi, niliitafuta Bandel nzima nisiipate. Nilikuja kuinunua Kolkata, sokoni New Market. Ina chumvi kama papa mkavu. Nimeipenda.

Mchana niliumalizia Imambara ya Hooghly. Mombasa tumekua na majirani Maithnaasheri, imambara, ukumbi wa Washia wa kuomboleza, kwetu si neno geni, lakini hii ni kubwa kama ngome: minara miwili na saa kati yake, ua wenye birika refu, ukumbi wa vioo na taa za kuning'inia. Ilianza kujengwa 1841 ikakamilika 1861, kwa mali ya mtu aliyekuwa amekufa tangu 1812. Haji Muhammad Mohsin alizaliwa mji huu, alisafiri nchi nyingi, akarithi utajiri wa dada yake (dada wa kwetu), hakuoa, na mwaka 1806 akaandika wakfu, akatoa kila kitu. Hati yenyewe imeandikwa kwenye ukuta wa nyuma, unaotazama mto. Nimeona wakfu nyingi kwetu Mji wa Kale zikiliwa na warithi na mawakili mpaka zikabaki jina. Ya Haji Mohsin ilipitia mikono ya serikali ya Kiingereza, mambo hayakukosa, lakini ilizaa chuo mwaka 1836 ambacho kipo mpaka leo na kina jina lake.

Nilipanda mnara. Ngazi ni nyembamba, giza, zinazunguka, na upande wa wanawake uko peke yake. Juu nilikutana na saa ikigonga robo, mlio uliingia mifupani. Mto ulikuwa chini, ukungu umeondoka, magugu maji yanashuka kusini. Nilitazama saa ya simu, nikahesabu: baada ya dakika kama arobaini yangegeuka. Sikungoja, nilikuwa na treni.

Safari hii niliuliza watu watatu kabla ya kupanda. Behewa la wanawake lilijaa, nikabanwa katikati ya mama mtu mzima mwenye mfuko wa koliflawa na binti aliyelala begani kwangu kana kwamba tumezaliwa naye. Chandannagar akaingia mchuuzi na kikapu. "Peyara! Peyara!" Nikachungulia: mapera. Akayakata manne kwa kisu kisichokuwa na mpini, akanyunyiza chumvi na pilipili, akanifungia kwenye gazeti. Nikamkaribisha jirani yangu, akachukua kipande, mazungumzo ya mikono yakaanza. Ametoka wapi, anakwenda wapi, ana watoto wangapi. Akaniuliza nyumbani nina nani. Nikatoa simu, nikatafuta picha ya Idi, mama amevaa leso mpya na hina, anacheka hana jino moja la mbele.

"Mama," nikasema, nikimwekea kidole kwenye picha.

Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akaikuza kwa vidole viwili usoni pa mama yangu, akitafuta.

"Mama?" akauliza, kwa upole, kama mtu asiyetaka kukuumiza.

Binti wa begani alifungua jicho moja, akaangalia picha, akaangua kicheko, ndipo akanieleza kwa Kiingereza kwamba mama ni mjomba.